Mwanza kwenda Entebbe kwa ndege ni mbali kiasi gani? Mtandao mmoja unasema dakika 50, mwingine masaa 9

Ngosha_Nyegezi

Habari za saa hizi wakuu. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya ndege. Dada yangu ameolewa Entebbe na amejifungua mtoto wa kwanza, sa bi mkubwa hapa nyumbani hatulali, kila asubuhi tunaenda lini kumuona mjukuu. Ana miaka 71 na akikaa kwenye basi muda mrefu miguu inavimba, kwahiyo basi nimelitoa kwenye hesabu, nataka nimsindikize mwenyewe kwa ndege.

Sasa nimeingia mtandaoni nikaandika umbali wa uwanja wa Mwanza hadi uwanja wa Entebbe, ikaja kilomita 282 na muda wa kuruka dakika 50 na kitu. Nikafurahi nikamwambia mama kabisa, ni kama kwenda Sengerema tu. Kuja kwenye mtandao wa kukata tiketi kwa tarehe ninayotaka naletewa safari ya kuondoka 06:10 na kufika 15:55, inapitia Dar. Masaa karibu kumi! Ya moja kwa moja kwa tarehe hiyo sijaiona. Nani anadanganya hapa? Na je hizo kilomita 282 ni za kweli maana kwa barabara watu wanasema ni zaidi ya 700.

---

Toto_la_Kirumba

Mkuu chukua mtumbwi pale Mwaloni elekea kaskazini usipinde, utafika 😂😂

Ila serious ndege inaenda kilomita 900 kwa saa, 282 ukigawa hapo ni dakika 19. Hata hizo 50 wamekuongezea.

---

Fundi_Ramani

@Toto_la_Kirumba dakika 19 labda wakurushe na manati. Ndege haitoki uwanjani ikiwa tayari kwenye spidi ya 900. Inatembea chini kwanza hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inaruka, inapanda taratibu, na jeti kwa kawaida chini ya futi 10,000 haitakiwi kuzidi kama kilomita 460 kwa saa. Kwa safari fupi kama hii inamaliza kupanda halafu muda si mrefu rubani anaanza kushuka, ule mwendo mkubwa unaupata kipande kidogo tu katikati ya ziwa.

@Ngosha_Nyegezi hakuna anayedanganya, umeuliza maswali mawili tofauti ukadhani ni moja. Mtandao wa kwanza umepima mstari ulionyooka juu ya ramani kutoka uwanja hadi uwanja, haujali kama kuna ndege inayopita huo mstari au haipo. Ungeuliza Mwanza na kisiwa chochote duniani ungepewa kilomita na dakika vilevile. Ule wa pili unauza tiketi, kwahiyo unakupa kilichopo sokoni siku hiyo pamoja na muda wa kukaa kusubiri.

Kilomita 282 ni za kweli, na kwa bahati nzuri sisi tuko karibu na ikweta unaweza kuhakiki mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Uwanja wa Mwanza uko digrii 2.44 kusini, Entebbe iko 0.04 kaskazini, yaani uwanja wa Entebbe umevuka ikweta kidogo tu. Kwakuwa viwanja viko pande mbili za ikweta unajumlisha, unapata 2.48. Upande wa longitudo Mwanza ni 32.93 na Entebbe ni 32.44, tofauti 0.49. Hapo ni Pythagoras wa form two: 2.48 mara yenyewe, 0.49 mara yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili, inakuja kama 2.53. Digrii moja ni kama kilomita 111, zidisha, unapata 281. Hiyo moja iliyobaki ni ya kukadiria desimali. Ukienda mbali na ikweta, mfano unapima Mwanza na London, usitumie njia hii maana mistari ya longitudo inakaribiana kadiri unavyopanda na utapata jibu la ajabu.

Kwa muda mimi natumia kanuni ya mkono: gawanya kilomita kwa spidi ya ndege halafu ongeza nusu saa ya kutembea chini, kupanda na kujipanga kutua. Ijaribu na safari tunayoijua wote. Mwanza hadi Dar kwa mstari ni kama kilomita 850, jeti inaenda 830 hivi, ni saa moja na dakika chache, ongeza nusu saa inakuja saa moja na nusu, na ndivyo ratiba zinavyosema. Ukipanda ATR yenye mapanga inayoenda kama 500 kwa saa inakuwa masaa mawili na dakika. Kwa Entebbe jeti ingetumia kama dakika 50, ATR saa moja na ushee. Kwahiyo dakika 50 za mtandao wako ziko sawa kabisa kama ndege ipo.

---

Ngosha_Nyegezi

Aisee mkuu nimekaa na daftari nimepata 281 kweli. Asante sana. Lakini sasa hiyo "kama ndege ipo" ndo inaniumiza kichwa. Kwanini nipelekwe Dar wakati Entebbe iko hapo mbele?

---

Mbongo_Kampala

Nipo huku Kampala siku nyingi na hii safari ndo ugonjwa wangu wa kila mwisho wa mwaka, ngoja nikupe hali halisi.

Ndege zinaenda pale ambapo abiria wengi wanataka kwenda, na abiria wa Mwanza wengi wanataka Dar. Ruti ya kuvuka ziwa abiria wake wanahesabika, kwahiyo ndege ya moja kwa moja ikiwepo leo usishangae msimu ujao haipo, ratiba za huku zinabadilika kama hali ya hewa. Usimsikilize mtu anayekwambia "mimi mwaka juzi nilipanda", angalia tarehe yako tu.

Sasa ukikosa ya moja kwa moja unabaki na kuunganisha, na hapo ndo ucheke au ulie. Mwanza Dar 850, halafu Dar Entebbe kwa mstari ni kama 1,075. Jumla karibu 1,925 kwa kwenda mahali palipo kilomita 282 kutoka ulipo. Ni sawa na mtu yuko Kirumba anataka kwenda Kamanga unamwambia apitie Magu. Kupitia Kilimanjaro ni 470 na 640, inakuwa kama 1,110. Kupitia Nairobi ni 460 na 520, jumla 980 hivi, ndiyo ndogo kuliko zote na bado ni zaidi ya mara tatu ya mstari wenyewe.

Lakini mkuu usichague kwa kilomita!! Hapa ndo wengi wanapigwa. Kwenye hiyo safari yako ya 06:10 hadi 15:55, yaani saa 12 na dakika 10 asubuhi mpaka saa 10 kasoro dakika 5 alasiri, jumla ni masaa 9 na dakika 45. Ukitumia kanuni ya Fundi hapo juu, angani Mwanza Dar ni saa moja na nusu na Dar Entebbe kama moja na dakika 50. Jumla masaa matatu na dakika 20. Zinazobaki, masaa sita na zaidi, bi mkubwa amekaa kwenye kiti Dar. Siyo ndege inayochelewesha, ni benchi. Kwahiyo ukitafuta tiketi panga kwa muda wa jumla, na angalia ile sehemu ya kusubiri imeandikwa masaa mangapi. Ya Nairobi inaweza kuwa na kilomita nusu halafu ukasubiri masaa 11 usiku kucha, umepata faida gani.

---

MamaKayenze

Mwanangu Ngosha hongereni kwa mtoto. Mimi naongea kama mtu mzima mwenzake na mama yako, haya mahesabu ya vijana ni mazuri ila mtu wa miaka 71 hahesabiwi kwa dakika za angani.

Hebu anzia nyumbani. Mko Nyegezi na uwanja uko kule Ilemela, lazima mkatize mji wote, Mkuyuni, Igogo, mjini kati, Kirumba, Pasiansi. Ndege ya saa 12 na dakika 10 asubuhi maana yake saa 10 usiku mmeshafika uwanjani kwa sababu kaunta inafungwa mapema, kwahiyo saa 9 usiku mama anavaa viatu, na mama yeyote wa umri huo akijua anaamka saa 9 hatalala kabisa ataanza kupanga begi saa 7. Ongeza hayo kwenye yale masaa kumi. Halafu Dar za ndani kwa kawaida zinashukia Terminali 2 na za kwenda nje zinaondokea Terminali 3, ni majengo mawili mbalimbali, mtahama na mizigo.

Kwa hiyo ukikata tiketi sema pale pale kwamba una mzee anahitaji kiti cha magurudumu. Usione aibu, ni huduma ya kawaida, mnasukumwa mpaka mlango wa ndege na mara nyingi mnapita foleni kwa urahisi. Na kama miguu inavimba basini itavimba na kwenye ndege, dawa ni kutembea. Katika kusubiri mtembeze, mpe maji, asikae tu kwenye kiti akiangalia watu. Mkeka wa kujinyoosha pia chukua, wengine watacheka lakini waache wacheke.

---

Toto_la_Kirumba

Mama Kayenze shikamoo. Mkeka uwanja wa ndege 😂 nimeipenda hiyo

Ila mimi bado nauliza, kwanini ukienda unatumia dakika kadhaa na kurudi nyingine? Mi nlipanda kwenda Dar ikawa haraka kuliko kurudi au ndo nlilala

---

MamaKayenze

Marahaba. Ulilala.

---

Fundi_Ramani

😂 Mama kamaliza. Ila kuna ukweli kidogo. Upepo wa juu ukikusukuma mgongoni unafika haraka, ukikupiga usoni unachelewa. Kule Ulaya na Marekani kuna mkondo wa upepo mkali unatoka magharibi, kuvuka Atlantiki kwenda na kurudi inatofautiana hata saa nzima na zaidi. Huku kwetu ikweta upepo wa juu mara nyingi ni wa mashariki na sio mkali hivyo, kwahiyo Mwanza Dar tofauti ni dakika chache.

Kinachokula muda zaidi huku ni kutua. Njia ya kurukia ya Entebbe imelala karibu kaskazini kusini, sasa ndege inayotoka Mwanza inakuja kutokea kusini. Upepo ukiruhusu inanyoosha moja kwa moja inatua, ukikataa inabidi izunguke itokee upande wa pili, hapo dakika zinaongezeka na abiria anasema rubani kapotea njia. Na hili ziwa lina tabia yake, mvua zake za radi zinapenda kupiga katikati ya maji usiku na alfajiri, ndege ya asubuhi sana inaweza kukwepa mawingu kushoto kulia, mstari wa 282 ukawa 310. Ndo maana ratiba daima zinawekwa na akiba ndani, ukifika mapema nahodha anajisifu kwenye spika.

Kitu kingine cha kumfurahisha bi mkubwa kama mtapata ya moja kwa moja, mkae upande wa kulia mtaiona Ukerewe muda mfupi baada ya kuruka, na wa kushoto karibu na kushuka visiwa vya Ssese. Na viwanja vyote viwili viko karibu urefu mmoja kutoka usawa wa bahari, Mwanza mita 1,147 na Entebbe kama 1,153, kwa sababu vyote vimekaa pembeni ya maji yaleyale.

---

Mhaya_wa_Kashai

Naona mnazunguka dunia nzima mnaiacha Bukoba. Mwanza Bukoba kwa ndege ni kilomita 175 tu, hata kindege kidogo cha Caravan kinavuka kwa chini ya saa moja. Mkifika Bukoba mnalala, mama anapumzika, anakula senene kama ni msimu, kesho yake gari binafsi mpaka Mutukula ni kama kilomita 80 lami tupu. Mpakani siku hizi ni jengo moja, mnagonga mihuri ya nchi mbili sehemu moja, mnaingia Uganda mnapita Kyotera, Masaka, mnavuka ikweta pale Kayabwe mnapiga picha, mnaenda zenu. Kutoka Mutukula hadi Kampala ni kama 220, halafu Entebbe 40 nyingine. Meli pia ipo ya kwenda Bukoba, unapanda jioni unalala kitandani asubuhi umefika, miguu imenyooka muda wote, hakuna kuvimba hapo!

---

Mbongo_Kampala

Mhaya hiyo nimeifanya mara nyingi na kwa kijana ni safari tamu haswa, na tangu daraja la Kigongo Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hata ukienda na gari yako mwenyewe ile kero ya kusubiri kivuko haipo. Lakini kumbuka kutoka Bukoba bado una kilomita kama 340 za gari, na foleni ya kuingia Kampala kutokea Masaka Road jioni usiombe. Yule mama atakaa kwenye gari siku nzima. Kama ni lazima iwe hivyo basi gari binafsi msimame kila baada ya masaa mawili, siyo basi.

Na kuna mtu atauliza meli ya moja kwa moja Mwanza mpaka Port Bell. MV Umoja inakwenda lakini inabeba mabehewa ya mizigo, mama yako sio behewa.

---

Ngosha_Nyegezi

Hahaha nimemsomea hii ya behewa kacheka sana. Meli ameikataa mwenyewe, tangu MV Bukoba izame 1996 hapandi meli na hatuwezi kumlazimisha, ndugu zake walikuwemo.

Nimerudi kwenye mtandao nikapanga kwa muda wa jumla kama mlivyosema. Kuna siku ya Alhamisi wiki tatu zijazo kuna ya kupitia Nairobi, kuondoka 13:20 kufika 19:05, kwahiyo ni saa 7 na dakika 20 mchana mpaka saa 1 na dakika 5 usiku, masaa matano na dakika 45 yote. Kusubiri Nairobi ni masaa matatu na nusu hivi. Hakuna kuamka saa 9. Ila sehemu nyingine naona nikikata tiketi mbili tofauti, Mwanza Nairobi peke yake na Nairobi Entebbe peke yake, inapungua hela. Nifanyeje? Na saa za Uganda na sisi ni zilezile?

---

Mbongo_Kampala

Saa ni zilezile, Tanzania Kenya Uganda wote tuko pamoja. Ingekuwa Kigali ndo ungerudisha nyuma saa moja, kule unaweza kuondoka Mwanza saa 4 ukafika saa 4 na ukadhani hujasafiri. Muda ulioandikwa kwenye tiketi daima ni wa mji husika.

Tiketi mbili tofauti kwa safari na mzee nakukataza. Ukiwa na tiketi moja, begi linaenda lenyewe mpaka Entebbe na mkichelewa Nairobi ni kazi ya shirika kuwatafutia ndege nyingine. Ukiwa na mbili, mnaweza kulazimika kupita uhamiaji, mchukue mabegi, mkajipange tena kaunta, na ya kwanza ikichelewa ya pili inaondoka bila nyinyi na hakuna wa kumlaumu. Yale masaa matatu na nusu ambayo kwa tiketi moja ni mapumziko, kwa tiketi mbili ni mbio. Hiyo hela unayookoa ndo utanunulia tiketi mpya.

Chukua hiyo ya Alhamisi. Na dada yako aje kuwapokea, usiku teksi za pale uwanjani mpatane bei kabla hamjaingia.

---

MamaKayenze

Hiyo ya mchana ndiyo, mama atakunywa chai yake vizuri.

Mwanangu, kadi ya homa ya manjano mnazo? Uganda wanaidai. Na sindano ile kadi yake inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, ukichoma juzi ukasafiri leo haihesabiki.

---

Ngosha_Nyegezi

Mimi ninayo ya zamani. Mama hana. Wiki tatu si zinatosha?

---

Mbongo_Kampala

Ya zamani haina shida, siku hizi ni ya maisha haiishi muda. Na Alhamisi ya wiki tatu zijazo siku zinatosha kwa mama. Lakini sikiliza, kwa mtu aliyezidi miaka 60 hiyo chanjo sio ya kukimbilia, inabidi daktari amuangalie kwanza, ajue dawa anazotumia na hiyo miguu inavimba kwa sababu gani. Akiona haifai anaweza kumwandikia cheti cha kusamehewa, mnaenda nacho. Kwahiyo mpeleke wiki hii, tiketi ulipie baada ya hapo.

---

Ngosha_Nyegezi

Sawa kabisa. Kesho asubuhi nampeleka hospitali kwanza. Tiketi nimeiweka tu kwenye simu sijalipa.

---

Toto_la_Kirumba

Akikataliwa sindano na mtumbwi wangu pia wanadai kadi?

---

MamaKayenze

Wewe Toto nenda kalale.